Somo la mwezi: Mfuko wa kuchunguza mimea ya pori letu



Kikanda kinapendwa mu Katanga yote. Viazi vyake vidogo vinachimbwa porini na mu dembo, vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na chumvi ya majivu, kiisha vinapikwa mpaka vinakuwa kama mkate wa kukata vipande. Lakini kikanda hakina shamba. Ni kiazi cha mimea ya pori ya jamaa ya okide, na kwa kila kiazi kinachoingia mu chungu, kuko mtu aliyekitoa mu udongo na mmea wake ukaishia pale.

Jirani zetu wa Zambia wanakiita chikanda. Kwao, mahali pengi pa kuchimba pamekwisha. Wachuuzi wakaenda kutafuta Tanzania, mu milima ya kusini. Mwanzo wa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi kufika milioni 4 vilikuwa vinatoka kule kila mwaka kuelekea Zambia. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania ikafanya uwanda wa Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, na sababu kubwa ilikuwa kulinda maua yake, kati yao hizo okide. Wachuuzi hawakuacha kazi. Wanatafuta Angola na Kongo. Sasa angalieni karata: Angola iko ng'ambo ya mpaka wetu, na reli ya Lobito inapita Luau na kuingia Dilolo. Okide zote ziko mu mapatano ya CITES, yale ya biashara ya mimea na wanyama wa pori, kwa hiyo kuvusha gunia la kikanda mpakani bila karatasi ni kosa. Lakini karatasi peke yake hairudishe mmea.

Swali la maana ni rahisi kusema: dembo iliyochimbwa inahitaji kupumzika miaka mingapi? Na ukiacha mimea michache bila kuigusa, inatosha kurudisha mingine? Kwa dembo za kwetu, mimi ninayeandika hili somo sijaona jibu lililopimwa. Kama kuko jibu, liko mu kichwa cha mama fulani anayechimba tangu utoto, na hakuna aliyemuuliza na kuandika.

Mwenye kulipa njo anauliza

Msifikiri kwamba mimea ya Katanga haijachunguzwa. Imechunguzwa sana, ila upande mmoja. Mu vilima vya shaba, kutoka Kolwezi kupita Fungurume mpaka Lubumbashi, kunaota zaidi ya aina 600 za mimea, na nyingine haziote popote pengine duniani. Kuko ua dogo la rangi ya zambarau, Haumaniastrum katangense, ambalo watafuta-madini walilitumia kujua wapi kuko shaba. Profesa François Malaisse alifanya kazi Lubumbashi miaka mingi na kuandika sana juu ya mimea ya hivyo vilima. Univeriste ya Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, walijaribu hata jani linaloitwa Microchloa altera kufunika udongo uliochafuliwa na moshi wa kiwanda. Ni kazi nzuri, na inatusaidia wote.

Lakini angalieni maswali yenyewe yanatoka wapi. Shaba iko wapi? Kilima kikichimbwa, ua lake tulihamishie wapi? Udongo ulioharibika tuufunike na nini? Ni maswali yanayokuja nyuma ya migodi, na mtafiti anakwenda mahali kuko mafuta ya gari na chakula. Hakuna ubaya wowote. Ila kikanda, munkoyo, miti inayolisha nyuki, bowa na miti ya viwavi havina kampuni nyuma yao. Mzizi wa munkoyo unafanya kazi ya ajabu: una kitu ndani yake kinacholegeza wanga wa mahindi mpaka uji mzito unakuwa kinywaji chepesi kitamu. Kila mtu anaunywa. Nani analipa mtu aje kuhesabu mizizi inayobaki?

Njo maana hapa tunazungumza juu ya mfuko. Mfuko wa kuchunguza mimea ni feza iliyowekwa pembeni, yenye kanuni zake na watunzaji wake, kwa kazi moja tu: kulipia maswali ambayo sisi wenyewe tunayauliza porini kwetu.

Wengine walifanyaje

Tanzania kuko mfuko wa milima ya Tao la Mashariki, wenye ofisi Morogoro. Uliandikishwa mwaka 2001, na feza ya mwanzo ilitoka kwa mfuko wa mazingira wa dunia, GEF, kwa njia ya Benki ya Dunia. Unasaidia kazi za namna tatu: maendeleo ya vijiji vilivyo karibu na misitu, ulinzi wa misitu yenyewe, na uchunguzi wa viumbe vyake. Mu hiyo milima, kule Usambara, njo lilitoka ua ambalo Wazungu wanaliweka dirishani mu nyumba zao. Mjerumani mmoja, Baron Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao mwaka 1892, na tangu hapo linauzwa Ulaya na Marekani zaidi ya miaka 100. Wakati lilipotoka hakukuwa na karatasi hata moja iliyosema kitu gani kirudi kijijini. Tutarudia neno hilo mbele.

Uganda kuko mfano unaofaa zaidi kwetu. Msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi mwaka 1991, watu waliokuwa wanaingia kukata kamba, kuchukua dawa na kutundika mizinga walifungiwa mlango. Kukawa uchungu mwingi. Miaka ile ile watafiti waliulizwa swali lililo wazi: mmea gani unaweza kuchukuliwa bila kuumiza msitu, na mmea gani hapana? Mtaalamu wa mimea Anthony Cunningham alizunguka na wavunaji wenyewe na waganga. Kamba ya omujega, inayofumiwa vikapu na machela ya kubebea wagonjwa, inakua polepole na watu wanaihitaji sana, basi ilitaka uangalifu. Kutokana na kazi ya namna ile, vijiji vikafanya mapatano na walinzi wa hifadhi: mimea fulani, watu fulani, kiasi fulani.

Kiisha ukaanzishwa mfuko wa Bwindi na Mgahinga, vilevile kwa feza ya GEF, karibu dolari milioni 4. Ile feza haikuliwa. Iliwekwa izae. Mu miaka ya mwanzo Wamarekani na Waholandi walilipa mishahara na mafuta, ili mtaji ukue bila kuguswa. Matunda yake yaligawanywa hivi: 60% kwa kazi za vijiji, 20% kwa hifadhi, 20% kwa uchunguzi, ambao unafanywa na taasisi ya misitu ya Univeriste ya Mbarara iliyo kule kule Ruhija, mu msitu. Wanakijiji waliwekwa mu komite ya kuamua.

Oneni: uchunguzi ulipewa sehemu moja kati ya tano. Wengine wanaweza kusema ni kidogo. Kwa maoni yangu ni hesabu ya busara, sababu mtu mwenye njaa hangoje majibu ya miaka mitatu. Ukitaka dembo ipumzike, lazima mama aliyekuwa anachimba pale apate kitu kingine wakati huo. Na kuko fundisho lingine: masoko ya feza ya dunia yaliposhuka, matunda ya ule mfuko yalipungua na kazi zikapunguzwa. Hata feza iliyowekwa mbali na wataalamu inaweza kuugua.

Mbegu ya kupanda haipikwe bukari

Mlimaji anajua hii kanuni bila kusoma. Mahindi ya mbegu yanatundikwa juu ya moshi, na hata njaa ikija, mtu anafikiri mara mbili mbele ya kuyagusa. Mtaji wa mfuko ni vile vile. Kinacholipia kazi ni matunda.

Lakini Dilolo hatuna milioni za kuweka Ulaya, na franga ukiifungia mu sanduku inapungua nguvu kila mwaka. Kwa koperative ya kwetu, mtaji mzuri ni kitu kinachozaa mbele ya macho ya wote. Mizinga, kwa mfano. Si ile ya maganda, maana mti ukivuliwa ganda unakufa, na itakuwa aibu mfuko wa kulinda mimea uanze na kuua miti. Mizinga ya mbao. Tuseme koperative imetoa dolari 600 na kutengeneza mizinga 40 kwa dolari 15 moja moja. Tuseme kila mzinga unatoa kilo 8 za asali safi kwa mwaka, jumla kilo 320, na kilo inauzwa dolari 2. Ni dolari 640. Nusu, 320, ni ya wale wanaotunza nyuki, sababu bila wao hakuna asali. Dolari 60 za kutengeneza mizinga iliyoharibika. Dolari 60 nyingine zinarudi kukuza mtaji: mizinga 4 mipya. Zinabaki 200. Hizo njo feza za uchunguzi za mwaka ule. Hesabu hii ni ya mfano tu. Wekeni bei zenu na mvuno wenu, na mwaka wa kwanza hesabuni nusu, maana mizinga mipya haiingie nyuki yote.

Mnaweza kufanya vile vile na kinu cha kusaga, au na shamba la koperative. Cha lazima ni kwamba kitabu chake kiwe mbali na kitabu cha mauzo ya mahindi na mihogo. Mfuko unaokaa mu sanduku moja na feza ya mbolea utaliwa msimu wa mbolea. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja, na hakuna aliyeiba. Watu walikopa tu.

Kuko wanaouliza juu ya feza ya migodi. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni kutenga angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mgodi, na 15% ya redevansi ya madini ni ya sekta, sheferi, komini au mji ambamo mgodi unafanya kazi. Wenzetu walio karibu na Kolwezi wanaweza kuomba kipande chake kwa uchunguzi wa mimea, na waombe kwa maandishi. Lakini kijiji cha Dilolo kilicho mbali na shimo lolote kisijenge mfuko wake juu ya hiyo feza.

Karatasi za Leta

Asosiasio zisizotafuta faida na mifuko ya faida ya wote zinafuata sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na utu wa kisheria unatolewa na minista wa haki. Ni safari ndefu, na inakula makuta. Shauri langu: msianze huko. Anzeni na uamuzi wa mkutano mkuu wa koperative, ulioandikwa na kutiwa sahihi, unaosema mfuko ni wa nini, nani anautunza, na nini kitatokea na mali yake kama ukifa. Kama baada ya miaka mitatu mfuko unapumua, tafuteni karatasi ya asosiasio. Jambo moja msisahau: sheria ya OHADA ya koperative inalazimisha kutenga akiba mbele ya kugawana faida. Mfuko huu hauna ruhusa ya kula ile akiba.

Komite ya watu watano inatosha. Wawe humo watu wanaochimba na kuvuna, hasa mama, maana wao njo wanajua mmea unapootea. Sahihi mbili kwa kila malipo, na wenye sahihi wasiwe wa nyumba moja. Na itafika siku mwana wa prezida wa koperative, anayesoma agronomia Lubumbashi au Kolwezi, ataomba feza ya mfuko. Msimkatalie sababu ya baba yake. Baba atoke nje ya chumba, wengine wasome ombi lake kama la kila mtu, na kitabu kiandike kwamba baba alitoka.

Swali dogo, miaka mingi

Kosa la mifuko midogo ni kuuliza swali kubwa. "Tuchunguze mimea yote ya dawa ya Dilolo" ni swali la maisha ya watu kumi. Kwa dolari 200 ulizeni kitu kimoja ambacho jibu lake litabadilisha namna mtu anavyoshika jembe. Turudie kikanda.

Mmea mmoja wa kikanda, ukiufukua polepole wakati wa mvua, mara nyingi una viazi viwili: kimoja cha zamani, laini na kimesinyaa, kinacholisha jani la mwaka huu, na kimoja kipya, kigumu, kinachowekwa kwa mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kigumu. Akikichukua, mmea hauna kesho. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziote mpaka zikutane na kuvu fulani mu udongo. Njo maana watu wanaotaka kupanda kikanda kama vitunguu wanapata shida. Kuvumbua namna ya kukiotesha ni kazi ya labo kubwa, tuwaachie.

Yetu ni hii. Chagueni dembo moja ambayo shefu wa kijiji na wachimbaji wamekubali. Pimeni vipande vinane, kila kimoja mita 10 kwa 10, na miti ya pembeni iliyopakwa rangi. Viwili havichimbwe hata kidogo. Viwili vichimbwe vyote kama kawaida. Viwili vichimbwe nusu: mmea mmoja unachukuliwa, unaofuata unaachwa. Viwili vya mwisho vichimbwe nyuma tu ya maua kukauka na kumwaga mbegu. Kila mwaka, mwezi ule ule, wakati maua yanaonekana, hesabuni mimea mu kila kipande na kuandika. Andikeni pia kama moto ulipita, na mwezi gani. Kwa nini viwili viwili? Sababu kimoja kinaweza kukanyagwa na ng'ombe au kujaa maji, na usipokuwa na cha pili hutajua kama ni uchimbaji ulioleta tofauti au ni maji.

Mwaka wa kwanza hautaonyesha kitu. Mwaka wa pili watu watauliza feza inakwenda wapi. Mwaka wa tatu mtaanza kuona. Mbele ya kuanza, elezeni mkutano hivyo wazi, ili prezida mpya asifunge kazi katikati.

Mwanafunzi au mwalimu wa univeriste anaingia hapa: anasaidia kupanga vipande, anatambua aina za okide, maana jina "kikanda" linafunika aina nyingi, na anaangalia hesabu. Msimlipe yote mara moja. Sehemu moja ya tatu akifika, moja akiacha daftari la hesabu kijijini, moja ya mwisho akirudi na kusoma majibu mbele ya wote, mu Kiswahili, na mu Kichokwe au Kilunda kama wazee wanataka. Hiyo ya mwisho njo muhimu kuliko zote. Ripoti ya Kifaransa iliyolala mu kabati ya univeriste haitafunga hata shimo moja. Na wale mama wawili wanaoongoza na kuhesabu walipwe vile vile, na majina yao yaandikwe mu ripoti kama wafanyakazi wa uchunguzi.

Majibu ni ya nani

Kila mmea uliochunguzwa ukaushwe mu magazeti, nakala tatu: moja kwa herbariamu ya Lubumbashi, moja kwa bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, iliyo na mkusanyo mkubwa sana wa mimea ya Kongo, na moja ibaki kwenu, mu sanduku kavu lenye majani ya kufukuza wadudu. Andikeni tarehe, mahali, jina la kienyeji na aliyelitaja. Kwa okide msitoe mimea mingi kwa kazi hii. Pale inapokuwa michache, picha nzuri na ua moja vinatosha.

Elimu ya waganga ni jambo lingine. Kongo imo mu mapatano ya Nagoya, yanayosema kwamba anayetaka kutumia mimea na maarifa ya watu lazima aombe ruhusa mbele na kupatana juu ya kugawana faida. Kumbukeni ua la Usambara. Mu mkataba wa ukurasa mmoja na mtafiti, wekeni sentensi mbili: maarifa ya siri ya mganga hayaandikwe bila ruhusa yake, na kitu chochote kisiende kwa kampuni bila kurudi kwa mkutano wa koperative. Na mahali kamili pa dembo yenye kikanda kingi pasichapwe mu ripoti ya wote. Mchuuzi naye anajua kusoma.

Ya kuzungumza mu kikundi: Mu kijiji chenu, ni mmea gani wa pori ambao bibi zenu walikuwa wanapata karibu na nyumba, na leo mnatembea nusu siku kuutafuta? Nani kati yenu anaujua kuliko wengine, na amekubali kuulizwa? Koperative yenu ina kitu gani kinachoweza kuzaa dolari 200 kwa mwaka bila kuuzwa chenyewe? Andikeni majibu mu daftari ya kikundi, na mmpatie mwezeshaji akipita mbele ya mvua ya kwanza, maana vipande vya dembo vinapimwa vizuri udongo ukiwa bado mkavu.